Kamera ya kupanda nayo mlima: tuliyojifunza njiani Kahuzi



Tangu tubandike picha za safari ya mwezi wa saba kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, kila Jumamosi kuna anayetuuliza: hiyo kamera ni ya aina gani, mliitoa wapi, na mliibebaje mlimani isiharibike? Tutawajibu. Ila mjue kwamba hiyo ni kamera ya pili. Tukiwaambia habari zake bila kuwaambia yaliyotupata na ile ya kwanza, hamtaelewa kwa nini tulichagua hivyo.

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu. Kwetu Kongo tarehe 8 haitutoshi, tunaufanya mwezi mzima kuwa wa wanawake. Mwaka ule tulisema, badala ya kushona kitenge na kupita mbele ya jukwaa peke yake, twende tukapande Kahuzi. Tulikuwa wamama kumi na wanne. Karibu sote tumekulia Bukavu na jina la mlima huo tunalijua tangu shule ya msingi, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameukanyaga. Una mita 3,308. Mwenzake, Biega, una mita 2,790, na majina yao mawili yamekuwa jina la mbuga, ambayo ilianzishwa 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver. Huyo naye alikuwa mpiga picha.

Kamera tuliazimwa na shemeji wa mmoja wetu anayepiga picha za arusi. Ilikuwa kubwa, ya lenzi ya kubadilisha, karibu gramu 700 pamoja na lenzi. Alituonya mara tatu kwamba isiguswe na maji. Basi tukaifunga ndani ya taulo, taulo ndani ya sashe, sashe ndani ya mfuko, na juu yake tukaweka thermosi ya chai na sambaza za kukaanga. Ilikaa salama kabisa. Ilikaa salama mpaka juu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufungua mzigo wote ule njiani, na mvua ya mwezi wa tatu mnaijua.

Kwenye mianzi, mama mkubwa wetu ndiye aliyetangulia. Alikuwa na miaka 63, ameuza ndizi Kadutu maisha yake yote, na miguu yake ilizoea vilima kuliko yetu. Alikuwa anaimba huku akitusubiri kila kona, fimbo begani, kikwembe kimefungwa kiunoni, anacheka jinsi tulivyokuwa tunahema. Hatukumpiga picha hata moja pale. Tulisema: tutampiga juu.

Juu kulikuwa na ukungu mweupe na baridi. Tulipoitoa kamera, betri ilituruhusu picha tatu ikazima. Moja ni ya miguu. Ya pili ni ya kikundi, nusu yetu tumefumba macho. Ya tatu ni yake, amesimama peke yake, ameinua fimbo. Nyuma yake weupe mtupu, na uso wake mweusi tii kama kivuli. Huoni macho wala meno, wakati alikuwa anacheka.

Miezi kumi na moja baadaye alitutoka. Watoto wake walikuja kwetu siku ileile, wakaomba picha ya mlimani, maana mwaka mzima alikuwa anawahadithia. Tulikwenda nao kwa kijana mwenye studio. Alijaribu kuing'arisha kwenye kompyuta, uso ukatoka wa rangi ya majivu, kama mtu mwingine. Na sote tunajua picha ya matanga ni kitu gani: inawekwa mbele juu ya kitambaa, inachapwa kwenye fulana, halafu inakaa kwenye ukuta wa nyumba miaka na miaka. Walikuza ile ya kadi ya mpiga kura, ambayo mwenyewe alikuwa anaificha.

Hatulaumu ile kamera. Ni kamera nzuri kwa kazi yake. Mlimani haikufaa kwa sababu ilitufanya tuiogope.

Kwa nini si simu

Kuna wanaosema: mna simu, kamera ya nini? Ni swali la haki. Simu nzuri ya leo inapiga picha kuliko kamera nyingi za zamani, na aliye na simu ya namna hiyo akienda matembezi ya saa mbili asijisumbue. Lakini hesabuni simu ya mama inabeba nini. Ndani yake kuna pesa, kuna namba za watoto, kuna tochi ya usiku, na mtu akiteguka mguu mlimani ni hiyo itakayomwita wa kusaidia. Ukiimaliza moto kwa kupiga picha na video tangu asubuhi, saa kumi jioni umebaki na kioo cheusi mfukoni. Na simu ikianguka kwenye mawe, umepoteza vyote kwa mara moja. Kwetu, kamera iliiachia simu kazi yake.

Tuliyoyatazama wakati wa kununua

Tulichanga dola 10 kila mmoja, wanachama 24, kwa miezi minne. Kwa pesa hiyo mpya ya maana hatukuipata, kwa hiyo tulimwagiza dada yetu anayekwenda Kampala kwa biashara atutafutie iliyotumika. Alituletea Olympus TG-5, kamera ndogo iliyotoka 2017, ya kushika kwa mkono mmoja. Uzito wake ni gramu 250, yaani nusu ya chupa ndogo ya maji. Imetengenezwa kuingia majini hadi mita 15 na kuvumilia kuanguka kutoka mita 2. Sisi hatuna shida ya kuogelea nayo. Tulitaka kitu kinachoweza kuning'inia nje kwenye mvua, kikiwa tayari.

Jambo ambalo wauzaji watawaimbia ni megapikseli. Msibabaike. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, inahitaji megapikseli 2 na kidogo ili itoke safi. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ile ya kuweka kwenye fremu, inahitaji karibu 9. Hii yetu ina 12. Iliyoitangulia, TG-4, ilikuwa na 16, na kiwanda chenyewe kikapunguza ili picha za mahali penye giza zitoke bora. Kwenye kipande kidogo cha ndani kinachopokea mwanga, ukisonga vidoto vingi mno kila kimoja kinapata mwanga mdogo, na msituni chini ya mianzi mwanga wenyewe ni wa kubahatisha. Vivyo hivyo kwa zumu: ile ya lenzi kuvuta yenyewe ndiyo zumu; ile wanayoiita ya dijitali inakata picha tu na kuikuza, jambo ambalo hata kijana wa studio atakufanyia.

La kutazama zaidi ni umeme. Umeme wa mjini mnaujua unavyokuja na kwenda, na mlimani haupo. Betri ya kamera yetu inachajiwa ikiwa ndani, kwa waya wa USB, kwa hiyo inakula kwenye betri ya akiba ya simu au kwenye paneli ndogo ya jua. Kiwanda kinaihesabia picha 340 hivi. Kwenye baridi ni chache zaidi. Kwa kikundi chenye mfuko mdogo, kuna kamera za zamani zinazotumia mawe mawili ya kawaida, yale ya tochi, kama Canon PowerShot SX150 IS. Hizo hazivumilii maji, lakini mawe yanapatikana hata kijijini. Tahadhari moja: yale mawe ya bei ya chini kabisa yatawasha kamera na kuizima baada ya picha chache. Nunueni alkalini, au yale ya kuchajiwa tena.

Iliyotumika mnaikaguaje? Mwambieni muuzaji mnataka kupiga picha ya karatasi nyeupe, kisha mkuze picha hiyo kwenye kioo chake. Vidoa vinavyobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi au ukungu ndani ya lenzi. Vuteni zumu karibu na sikio. Ikilia kama kuna mchanga, rudisheni. Fungueni mlango wa betri mtazame kama kuna kutu ya kijani. Kama ni ya kuzuia maji, pitisheni kidole kwenye mpira unaoziba mlango: unywele mmoja unatosha kupitisha maji, na mpira uliozeeka hauaminiki. Sisi ya kwetu tunaiacha inyeshewe, lakini hatujaizamisha hata mara moja na hatutaizamisha. Kadi ya kumbukumbu msinunue ile kubwa ya bei ya kushangaza, nyingi ni za uongo: zinaandika jina kubwa na kupoteza picha zikijaa. Mbili ndogo za kweli ni bora. Kadi ya giga 16 inabeba picha zaidi ya 2,000.

Uso usiwe kivuli

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tulipompoteza mama mkubwa.

Kamera haijui kwamba inatazama mtu. Inapima mwanga wote ulio mbele yake. Ikikuta ukungu mweupe au anga nyuma ya mtu, inasema mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama gizani. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaozama zaidi. Siyo kosa la uso wako, wala usikubali mpiga picha akuambie hivyo.

Dawa yake iko kwenye kamera karibu zote na hata kwenye simu nyingi. Tafuteni alama ya kujumlisha na kutoa, zikiwa pamoja. Nyuma ya mtu kukiwa kweupe, sogezeni upande wa kujumlisha, mpaka 1, hata 1 na nusu kwenye ukungu mzito. Ukungu utazidi kuwa mweupe, na uwe. Ukungu hauna ndugu wa kuuomba. Uso utatokea. Kama kuna jua kali na mama amevaa kofia au amejifunika kitambaa, washeni mwako wa kamera mkiwa mita 2 kutoka kwake, nao utaingia chini ya kofia. Lakini kwenye ukungu au mvua mwako uzimwe, kwa sababu unagonga matone ya maji na kujaza picha madoa meupe.

Njia rahisi kuliko zote haina kitufe: mgeuzeni mtu. Asisimame na anga nyuma yake, asimame na majani nyuma yake. Tulifanya zoezi hili uani, kila mmoja akimpiga mwenzake mlangoni na kisha ukutani, kabla ya safari ya pili. Lilituchukua alasiri moja.

Ibebwe wapi

Isibebwe mgongoni. Kamera iliyo mgongoni ni mzigo tu. Na isining'inizwe shingoni kwa ule mkanda wake: ukiinama kupanda kwa mikono, inatangulia kugonga jiwe. Kwa wale waliobeba kwa kamba ya kichwani ndiyo mbaya zaidi, shingo haina nafasi ya mambo mawili. Sisi tuliuongeza mkanda ukapita begani na chini ya kwapa la upande wa pili, kamera ikakaa kifuani upande wa kushoto, halafu tukapitisha kamba nyingine nyembamba kiunoni ili isibembee. Mshonaji wetu alishona kimfuko cha kitenge chenye bitana, mdomo wazi, wa kuingiza na kutoa kwa mkono mmoja bila kusimama. Jezi ya mvua inavaliwa juu yake bila kufungwa vifungo vya kifuani.

Na tulikubaliana ibebwe na anayetangulia au wa katikati, siyo wa mwisho. Wa mwisho anapiga migongo. Kila saa anabadilishwa, la sivyo mpiga picha mwenyewe hatoki kwenye picha hata moja.

Betri ya akiba ikae mwilini, ndani ya nguo. Kila mkipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi. Bukavu iko kwenye mita 1,500, basi kilele cha Kahuzi kinapungukiwa nyuzi kama 11 kuliko nyumbani. Betri ya baridi inajifanya imekwisha. Ile iliyotuzimia safari ya kwanza, tulipofika chini na kuiwasha tena, ilikuwa na moto. Mnaweza kuwaza tulivyojisikia.

Mkirudi, msiharakishe kuitoa kamera ndani ya gari lenye joto la watu. Inatoka jasho kama chupa ya maji baridi, na jasho hilo likiwa ndani ya lenzi linazaa ukungu. Ifungeni kwenye sashe kavu, mtoe hewa, iache ipate joto taratibu kwa saa moja au mbili. Ndani ya sashe wekeni vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu, vinavuta unyevu. Msivitupe, na msiwaachie watoto. Kamera isiyozuia maji ikilowa, toeni betri mara moja, msiiwashe kuona kama inafanya kazi. Habari ya kuizika ndani ya mchele tumeijaribu na redio: vumbi la mchele liliingia na redio haikupona.

Mahali ambapo kamera inakaa mfukoni

Hili tunalisema kwa uzito. Barabarani kuna bariyeri, kuna askari, kuna madaraja, kuna mpaka. Kamera ifungiwe mbali kabla hamjafika, na hapo msipige hata picha ya mlima ulio nyuma. Simu nayo msiielekeze huko. Picha moja ya kichekesho inaweza kuwashusha wote kwenye gari na kuwapotezea siku nzima, na hiyo ni bahati. Mbugani mnatembea na walinzi. Waulizeni wao kwanza kama wanakubali kuonekana. Mkibahatika kwenda kwa gorila, mwako uzimwe kabla ya kufika, barakoa ivaliwe, na anayekohoa abaki. Na kabla ya hayo yote, ulizeni ofisi ya mbuga pale Tshivanga kama njia iko wazi. Kuna majira ambayo haiko wazi, na jibu lao lisijadiliwe.

Kisha kuna watu. Wamama wa Batwa wanaoishi kandokando ya mbuga, ambao familia zao zilitolewa msituni miaka ya 1970, wamepigwa picha na wageni wengi waliopita na kwenda zao. Safari ya pili tulipumzika kwa mmoja wao. Tulimwomba ruhusa, tukamwonyesha kwenye kioo, akasema aliyo na macho yamefumba ifutwe, tukaifuta. Iliyobaki tulimchapishia mbili na kumpelekea kwa motari wiki iliyofuata. Tulilipa franka kidogo, na ni gharama ya kupangwa tangu mwanzo, kama nauli.

Picha zitoke ndani

Picha iliyo ndani ya kadi bado haijafika nyumbani. Wenzetu waliokimbia Goma Nyiragongo ilipolipuka, 22 Mei 2021, kuna walioshika mtoto na godoro wakaacha albamu zote. Kwa hiyo sisi tunafanya hivi: ndani ya wiki moja picha zinahamishiwa kwenye kompyuta ya katibu na kwenye fleshi inayokaa nyumba nyingine, ndipo kadi inafutwa. Kila aliyesafiri anachagua moja yake inachapishwa kwa mfuko wa kikundi. Moja ya uso, siyo ya mandhari. Mandhari yatakuwepo.

Safari ya mwezi wa saba tulikwenda kumi na moja, kiangazi, njia kavu. Binti wa mama mkubwa alikuja nasi. Ndiye aliyebeba kamera kwenye mianzi, na nyingi ya picha mlizoziona ukutani ni zake. Yeye mwenyewe ni yule wa picha ya mwisho chini kulia, mwenye fimbo ya mama yake. Tulimgeuza awe na majani nyuma.

Kamera iko kwa mweka hazina. Mwanachama anayeitaka kwa safari ya Jumamosi aandike jina kwenye daftari kabla ya Alhamisi jioni, airudishe ikiwa imejaa moto, na kadi isifutwe kabla katibu hajaisaini.